Vipimo vya kujaza risasi: cha kununua kwanza na cha kuacha

Mpwa wangu anaishi Texas, na huko hujaza risasi mwenyewe, yaani ganda lililokwisha pigwa hulitia kiwashio, baruti na kichwa kipya. Alipokuja likizo Desemba tulikaa Area C, Dodoma, kuku na ndizi mezani, akanionyesha kwenye simu picha ya kikaratasi alichopewa na mwenzake wa kiwanja cha shabaha: risasi ya bunduki ya .30-06, baruti "4350", na kiasi chake. "Mjomba, si inatosha?"

Haitoshi. Kuna H4350, kuna IMR 4350. Ni baruti mbili, kila moja na mwendo wake wa kuungua, na kikaratasi hakikusema ni ipi.

Kabla sijaendelea: huku kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila kibali. Nawaandikia ndugu zetu walioko Marekani na Afrika Kusini, ambako watu hujaza maganda nyumbani kihalali.

Kati ya vyanzo vya vipimo, namba moja ni data ya mwenye kiwanda cha baruti, tena ni ya bure. Hodgdon wa Marekani wameiweka kwenye tovuti yao, Vihtavuori wa Finland vilevile. Aliyeko Afrika Kusini na anatumia S335 au S365 ya Somchem atafute jedwali la Somchem lenyewe, asihangaike kulinganisha na baruti ya Kimarekani.

Hela yako itoe kwenye namba mbili: kitabu cha mtengenezaji wa kichwa cha risasi unachotumia, kama Hornady, Sierra au Nosler. Uzito kulingana hautoshi. Kichwa cha shaba tupu cha Barnes ni kirefu kuliko cha risasi-madini chenye uzito uleule, kwa sababu shaba ni nyepesi. Kinazama zaidi ndani ya ganda, kinakula nafasi ya baruti, na shinikizo hupanda. Ukiwa na Barnes, fuata vipimo vya Barnes. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa, si cha juu. Wala usijipunguzie tu kwa kudhani ndiyo usalama: baruti ya H110 kwa mfano, mtengenezaji mwenyewe anakataza kuishusha sana.

Tatu, kitabu cha Lyman. Kinachanganya vichwa vya kampuni nyingi, na kwa anayeyeyusha madini na kujimiminia vichwa mwenyewe mimi ningekipandisha hadi namba mbili. Nunua toleo jipya. Vitabu vya zamani vingi vinapima shinikizo kwa CUP (kipimo cha kale, kinachosoma kubonyea kwa kipande cha shaba), vya sasa kwa PSI (pauni kwa inchi ya mraba), na namba hizo hazibadilishani.

Nne, programu za kompyuta kama QuickLOAD. Zinakadiria tu, hazijafyatua kitu. Mwenye vitabu viwili tayari zitamfaa.

Halafu mizani. Vipimo vyote vya Kimarekani ni kwa greni, na greni 1 ni kama gramu 0.065. Mizani ikiwa imewekwa kwenye gramu bila wewe kuona, umezidisha mara kumi na tano.

Mkiani kabisa ni video, vikundi vya simu na vikaratasi vya marafiki. Mpwa alibisha, akampigia mwenzake palepale. Huku saa mbili usiku, kwao saa tano asubuhi. Akaweka spika.

"Ile 4350 ni ipi?"

Kimya kidogo. "Nadhani ni H."

Mpwa akanitazama, akavuta sahani ya ndizi upande wake.