Taa za Rangi za Sikukuu Nje ya Nyumba: Ipi Ununue Dar na Ipi Uiache Dukani

Taa ya sikukuu mara nyingi haifii kwenye bulbu. Inafia kwenye kiungo: pale waya unapoingia kwenye adapta, ndani ya holda, au kwenye mkia wa stripu, ule utepe wa taa, uliokatwa na kuachwa wazi. Na Dar es Salaam inaviandama viungo hivyo kweli kweli. Krismasi hutukuta vuli haijaisha vizuri. Idi el-Fitri inafuata mwezi, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imekuwa ikigusana na masika; ya 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Kuanzia Kigamboni hadi Msasani, Mbezi Beach na Kunduchi, upepo wa bahari unabeba chumvi ambayo inageuza shaba kuwa unga wa kijani. Kwa hiyo hapa taa hazikupangwa kwa kung'aa dukani. Zimepangwa kwa uwezekano wa kuwaka tena mwakani.

Kabla ya kuuliza bei, geuza boksi utafute herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. IP20 haina kinga ya maji, hiyo ni ya sebuleni. IP44 inastahimili maji yanayorukia kutoka upande wowote. IP65 inastahimili maji ya mpira wa bustani. Kwa kibarazani chini ya paa IP44 inatosha. Kwa ukuta ulio wazi, geti na miti, taka IP65. Na uliza namba hiyo ni ya nini: mara nyingi ni ya taa yenyewe, huku adapta au kisanduku cha kubadilishia mitindo hakina kinga yoyote.

1. Waya wa holda na bulbu za rangi

Hizi ni zile bulbu ndogo za mviringo zinazoning'inia kwa mstari, kama za kwenye kumbi za wazi. Tunaziweka za kwanza kwa sababu moja kubwa: kila kitu kinabadilishika. Bulbu ikifa unanunua bulbu moja, hutupi waya wote. Na waya uleule unabeba nyekundu na kijani Desemba, kisha unafungua na kuweka kijani na nyeupe ya Idi.

Hesabu yake ni rahisi. Mbele ya nyumba yenye mita 12, ukiweka holda kila sentimita 50, unahitaji holda 25. Chukua bulbu za LED za wati 1, jumla wati 25. Zikiwaka saa 6 kwa usiku zinakula uniti 0.15. Ukishawishika kununua zile za zamani za nyuzi za wati 15 kwa sababu ni rahisi, unafika wati 375, yaani uniti 2.25 kwa usiku uleule, na joto lake linakausha mpira wa holda mpaka unapasuka.

Mpira huo ndio roho ya taa hii. Fungua bulbu moja dukani utazame mdomo wa holda: panatakiwa pawe na pete ya mpira inayobana shingo ya bulbu ikikazwa. Ingiza kucha uisikie kama ni laini na kama imezunguka yote. Holda isiyo na pete ni kikombe. Mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye shingo ya bulbu, yanakaa pale kwenye mguso, na usiku huohuo breka inaanguka. Hata yenye pete, bulbu itazame chini daima, isilale wala kutazama juu.

Hakikisha pia holda zote ni za skrubu au zote ni za pini, ili bulbu za akiba ziingie kokote. Nunua akiba tano.

Waya usibebe uzito wake wenyewe kwenye nafasi inayozidi mita 5. Kutoka kwenye fasha bodi hadi nguzo ya geti, tandika kwanza waya wa chuma uliovikwa plastiki, ule wa kuanikia nguo, uukaze, kisha ufunge waya wa taa chini yake kwa kebo tai kila penye holda. Chukua kebo tai nyeusi; nyeupe inaliwa na jua na kukatika mapema.

2. Taa za kumulika ukuta zenye rimoti

Kwa mtu asiyetaka ngazi, hizi ndizo. Taa mbili za rangi za wati 20 zinatosha ukuta wa mita 10 wa nyumba ya chini. Ziweke mita 2 hadi 3 kutoka ukutani, zikitazama juu, na ukuta wote unageuka rangi. Zinapendeza kwenye ukuta mweupe au krimu. Ukuta wa rangi ya udongo au matofali mekundu unaumeza mwanga, na bluu juu ya rangi ya njano inaonekana chafu.

Angalia waya unaotoka nyuma. Kwa kawaida ni mfupi na una nyaya tatu, mmoja wa kijani na njano. Huo ni wa erthi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Umbo la taa ni la chuma, linakaa chini, na watoto wanapita hapo, kwa hiyo fundi anayeukata "kwa kuwa taa inawaka bila huo" amekuachia hatari bustanini. Kiungo kiingie kwenye kisanduku kisichopitisha maji, si kuzungushiwa tepu tu.

3. Nyuzi za taa ndogo zenye transfoma

Kwa miti na reli za baraza. Soma kwenye plagi: ikiandika kutoa volti 24 au 31, ni salama zaidi kuliko ile inayopeleka volti 230 mpaka kwenye kila taa. Ile nyingine, yenye waya mwembamba kama uzi, isiyo na transfoma, ndiyo inayojaa Kariakoo kuanzia Novemba, na ndiyo ya kuiacha ndani ya nyumba, mbali na mikono ya watoto.

Watu wengi wananunua urefu pungufu. Shina la mnazi lenye upana wa sentimita 30 lina mzunguko wa karibu mita 1. Ukilizungushia kila sentimita 15 mpaka urefu wa mita 3, ni mizunguko 20, yaani karibu mita 20: nyuzi mbili za mita 10 kwa mnazi mmoja. Kwa mwashoki, panda na kushuka kwa mistari badala ya kuzungusha, unaokoa nusu. Mkrismasi uache bila taa. Desemba una maua yake mekundu na hauhitaji msaada.

Kero ya nyuzi hizi ni kisanduku cha mitindo minane. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi zinaanza upya na kule kumetameta kwa fujo, na inabidi ubonyeze mpaka zitulie. Jaribu dukani: weka mtindo unaotaka, chomoa, chomeka tena. Ikirudi palepale, ina kumbukumbu.

4. Stripu ya mita 50 au 100 ya volti 220

Ndiyo inayonunuliwa sana, na ikifungwa vizuri kwenye ukingo wa paa inachora nyumba yote kwa mstari mmoja safi. Imekuja ya nne kwa sababu inahitaji fundi makini na inakula umeme. Stripu ya wati 8 kwa mita, mita 50, ni wati 400. Kwa saa 6 ni uniti 2.4 kwa usiku. Kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani, ambapo shilingi 1,000 ya LUKU inakupa uniti kama 2.8, hiyo ni zaidi ya shilingi 850 kila usiku. Kwa siku 20 inapita 17,000. Aliye kwenye D1, ile ya uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, ajue siku hizo 20 zinameza uniti 48 peke yake.

Inakatwa penye alama ya mkasi tu, kwa kawaida kila mita 1. Ukikata katikati, kipande hicho hakiwaki. Plagi yake ina pini mbili zinazochomwa ndani ya stripu: kama haiwaki, chomoa umeme ukutani, geuza pini juu chini, ujaribu tena, maana umeme unaotoka pale una chanya na hasi.

Sehemu inayooza ni hapo kwenye pini, na kwenye mkia. Ukifungua stripu iliyozimika baada ya mvua, utakuta pini zimevaa ukungu wa kijani na plastiki imekuwa nyeusi pembeni. Kinga ni kofia ya mwisho iliyojazwa silikoni, na silikoni nyingine kuzunguka pini. Nusa kwanza: silikoni inayonuka siki inatoa asidi ikikauka, na asidi hiyo inakula shaba. Taka isiyo na harufu hiyo. Iache ikauke usiku mzima kabla ya kuwasha.

Usiiwashe ikiwa bado imeviringwa kwenye roli yake zaidi ya dakika moja ya kujaribu. Joto linakosa pa kutokea na plastiki inalainika.

Stripu ya volti 12 ya mita 5 ni salama zaidi mguso wake, ila ni ya baraza tu. Ya wati 14.4 kwa mita inafika wati 72, hivyo inataka adapta ya ampia 8 au zaidi. Ukiunganisha roli mbili kwa mfululizo, mwisho unafifia, na nyeupe ya ile ya rangi nyingi inageuka kuwa na wekundu, kwa kuwa taa nyekundu inaridhika na volti ndogo kuliko kijani na bluu.

5. Za sola

Nzuri kwa geti lililo mbali na soketi. Siku ya mawingu ya vuli inakupa saa chache tu, na vumbi la barabara ya mtaani linaifunika paneli ndani ya wiki. Ifute kwa kitambaa chenye maji. Betri ya ndani ikichoka, weka ya kuchajika yenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani (nyingi ni 1.2), usiweke ya redio.

6. Projekta ya leza

Inarusha nukta za rangi ukutani. Iache. Mionzi inaumiza macho ya anayeitazama karibu, na ikikosa ukuta inakwenda angani. Kwa wa Kipawa, Kiwalani na Ukonga, chini ya njia ya ndege, haifai hata kujadiliwa.

Kabla ya kuchomeka

Taa zote za nje zipite kwenye RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayokata umeme mara unapovuja. Breka ya kawaida inasubiri mkondo mkubwa, na mtu anaweza kufa kwa mkondo mdogo sana ambao haiugusi. Bonyeza kitufe cha T. Isipoanguka, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Waya usipite juu ya ukingo mtupu wa bati. Ukingo unachuna plastiki taratibu kwa kila upepo, na siku shaba ikigusa, paa zima linakuwa na umeme, pamoja na mfereji wa maji na waya wa kuanikia uliofungwa kwenye nondo ya paa. Weka kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa pale unapokatiza. Seng'enge ya wembe juu ya ukuta inafanya hivyohivyo, na fensi ya umeme isifungiwe kitu chochote.

Ekstensheni ikae juu ya tofali, chini ya paa, na kila waya unaoiingia ushuke kwanza chini yake kisha upande, ili maji yadondoke kwenye tumbo la waya badala ya kufuata mpaka kwenye soketi. Taima ya kuzungusha inachelewa saa zilezile ambazo umeme ulikatika; ya dijitali yenye betri haichelewi.

Rangi nayo ina wageni wake. Nyeupe kali na bluu zinaita kumbikumbi usiku wa mvua. Juu ya mlango weka njano au nyekundu.

Ukishusha, futa kila waya kwa kitambaa chenye maji baridi kuondoa chumvi, anika kivulini siku moja, viringa kwenye kipande cha boksi, na uandike juu yake kwa kalamu: urefu, idadi ya holda, na zile bulbu za akiba ziko wapi.