Kutoa toleo kwa asilimia: breki ipo, rivasi hakuna

Google Play na App Store zote zinairuhusu timu kutoa sasisho kwa watumiaji wachache kwanza, bila malipo ya ziada. Ila huduma hizi mbili hazilingani, na anayezichukulia kama kitu kimoja ataumia.

Kwa uhuru, Google Play iko mbele sana. Asilimia unapanga mwenyewe, unaipandisha ukitaka, unasitisha wakati wowote, na unaweza kubana toleo kwa nchi ulizochagua. Ambaye hakuchaguliwa halioni kabisa. Kwa App Store, ratiba ni ya Apple: siku saba, yaani 1%, 2%, 5%, 10%, 20%, 50%, kisha 100%. Unaweza kuisimamisha kwa jumla ya siku 30, au kuwafungulia wote kwa mara moja. Lakini ratiba hiyo inawahusu waliowasha sasisho la otomatiki tu. Anayeingia dukani na kubofya mwenyewe analipata siku ya kwanza. Kwa hiyo tangazo la "toleo jipya limetoka" lisubiri mpaka siku ya saba, la sivyo asilimia zako hazina maana.

Uanze na ngapi? Programu yenye watumiaji 3,000 ikianza na 1%, hao ni watu 30. Hitilafu inayompata mtu mmoja kati ya 200 huenda isionekane kabisa. Kwa idadi hiyo, kwenye Google Play anza na 20%, acha siku mbili, ndipo upandishe. Google huihesabu programu kuwa na tatizo inapojifunga ghafla kwa 1.09% ya watumiaji wa siku, au kuganda kwa 0.47%, na inaweza kuonyeshwa kwa watu wachache zaidi dukani. Usingoje kufika huko: linganisha na toleo lililotangulia, na likizidi, sitisha.

Sasa penye maumivu. Kusitisha kunazuia wapya; waliokwisha kupokea wanabaki nalo. Tuseme toleo namba 41 lina kasoro. Huwezi kuwarudisha kwenye 40. Android inadai namba kubwa zaidi, kwa hiyo unachukua msimbo wa 40 na kuutoa kama 42. Kama 41 ilikuwa imepandisha hifadhidata ya simuni (mahali programu inapotunza data zake) kutoka muundo namba 7 hadi namba 8, msimbo wa zamani unakuta 8, unakataa kushuka, na programu inajifunga kila inapofunguliwa. Watu wale wale waliokwisha kuteseka! Dawa: badiliko la hifadhidata litangulie peke yake katika toleo lake, likiongeza safuwima bila kufuta wala kubadili jina la iliyopo, na 42 ijue kusoma muundo wa 8.

Kipengele chenye hatari, kama malipo, kifichwe pia nyuma ya swichi ya mbali, yaani unayoweza kuizima kutoka kwako bila kutoa toleo jipya. Firebase Remote Config, huduma ya Google ya kubadili mipangilio ya programu kwa mbali, inatosha kwa timu ndogo, na ndiyo iliyo karibu zaidi na rivasi, kwa sababu mtumiaji hahitaji kupakua kitu. Angalia jambo moja: kwa kawaida simu huweka majibu ya zamani kwa saa 12 kabla ya kuuliza tena, na muda huo umeandikwa ndani ya programu. Upunguze hadi saa moja, au washa usikilizaji wa papo kwa papo, kabla ya kutoa toleo. Likishafika mikononi mwa watu, muda huo haubadiliki mpaka wasasishe tena, na wanaoishi kwa bando husubiri Wi-Fi.