Gari la pili la Kimarekani: lala chini ulitazame tumboni kabla hujatoa dola

Februari iliyopita, asubuhi ya baridi ya kupasua midomo, nilikanyaga breki kwenye taa za barabarani hapa Columbus, Ohio, mguu ukazama hadi sakafuni. Mungu ni mwema, mbele yangu hapakuwa na mtu. Nililisimamisha gari kwa breki ya mkono, mwanangu huko nyuma ananiuliza, "Mama, mbona tunateleza?"

Fundi alipolinyanyua aliniita nije nijionee. Paipu ya breki imeliwa na kutu hadi ikatoboka. Kingo za chini ya milango zinamomonyoka ukizigusa, kama mkate wa juzi. Pale pa kuwekea jeki hapapo tena. Na hilo ni gari lenye maili 91,000 tu, injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Nililinunua kwa dola 4,600 na nikaliuza chuma chakavu kwa dola 350, miezi mitano baadaye.

Aina yake siitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda. Nilikagua kila kitu ambacho mtu anaweza kukiona akiwa amesimama wima. Nilifungua boneti, nikanusa oili, nikajaribu kiyoyozi, nikapiga hadi honi. Sikuinama hata mara moja.

Basi mwongozo huu wa kununua gari lililotumika ni wa sisi tuliohamia majimbo ya theluji, Ohio, Michigan, Minnesota, New York, ambako baba anaingia zamu ya usiku ghalani na mama anapeleka watoto shule, na gari moja halitoshi. Bajeti ninayoizungumzia ni dola 4,000 hadi 8,000, taslimu. Masuala ya ulaji wa mafuta, rangi, na kama redio inashika Bluetooth, utayamaliza mwenyewe.

Kwanza, kwa nini la Kimarekani? Najua, sote tumelelewa na Corolla na Mark II, na ukimwambia Mtanzania anunue Buick anakutazama kama umemwambia ale nyoka. Lakini huku nasi tunalipia jina. Toyota Camry yenye maili 180,000 inauzwa bei ya Chevrolet Impala yenye maili 90,000. Vipuri vya Chevrolet na Ford vimejaa kila duka na kila uwanja wa magari mabovu, na fundi wa mtaani anavifunga macho yamefumba. Tena hili neno "la Kimarekani" lenyewe lina vichekesho vyake: Ford Fusion imeunganishwa Hermosillo, Mexico, wakati Camry inatoka Georgetown, Kentucky. Uzalendo wa bamba la mbele tu.

Sasa chumvi. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Kila msimu wa baridi barabara zetu zinamwagiwa chumvi na maji ya chumvi ili barafu isigande. Yale maji yanarushwa na tairi, yanaingia kwenye kila upenyo chini ya gari, na yanakaa humo. Paipu za breki na za mafuta kwenye magari mengi ya zamani ni za chuma chembamba, na zimepita hukohuko chini. Injini inaweza kuwa na miaka kumi mingine ya uhai ndani yake, lakini bodi inayoibeba imeshakufa. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifunga uchunguzi wa paipu za breki zilizokuwa zikioza kwenye pikapu na magari makubwa ya General Motors (GM), kampuni ya Chevrolet na Buick, ya 1999 hadi 2003, takriban milioni tano. Haikuamuru yarudishwe kiwandani. Iliwaambia wenye magari wa majimbo ya chumvi wayaoshe chini na wayakague. Maana yake kwa Kiswahili chepesi: jitegemee.

Na hapa Ohio ndiyo usiseme. Jimbo halina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka. Kuna kipimo cha moshi, nacho kiko kwenye kaunti saba tu za kaskazini mashariki, upande wa Cleveland. Sisi wa Columbus gari linaweza kuuzwa mara sita bila kiumbe yeyote kulitazama tumbo.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, beba vitu vitatu: kipande cha boksi cha kulalia, tochi, na bisibisi. Lala chini, nguo zitafuliwa. Fuata paipu za breki kutoka mbele mpaka tairi za nyuma. Kutu nyepesi ya juujuu ni kawaida. Unayoitafuta ni ile iliyovimba na kubanduka magamba, au paipu iliyolowa. Gonga kingo za chini ya milango kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Tazama ile fremu ndogo inayobeba injini na nyingine ya nyuma, pale zinapofungwa bolti. Tazama pia trei ya oili. Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa kama kiatu cha harusi, simama, futa vumbi, aga kwa heshima, ondoka. Hakuna anayepamba tumbo la gari la dola 5,000 kwa mapenzi.

Kama huwezi kulala chini, mlipe fundi wako asiyemjua muuzaji alinyanyue. Ni kama dola 100 mpaka 200. Muuzaji akikataa gari lisiende kwa fundi, ameshakujibu.

Njia nyepesi zaidi ni kununua gari lililoishi kusini: Tennessee, Georgia, Carolina. Ripoti ya Carfax, kampuni inayouza historia za magari, inaonyesha gari limesajiliwa majimbo gani na miaka gani. Mimi nitachukua gari la Georgia lenye maili 140,000 na kuliacha la Ohio lenye 80,000, na baba watoto akinibishia namwonyesha risiti ya chuma chakavu. Ila kusini nako kuna mafuriko. Baada ya kimbunga Harvey kule Houston mwaka 2017 na kimbunga Ian kule Florida mwaka 2022, magari mengi yalilowa. Funua zulia unuse, tazama matope kwenye reli za viti na kutu kwenye bolti zake. Weka namba ya chesisi, ile VIN ya herufi na tarakimu 17, kwenye VINCheck, tovuti ya NICB, shirika la bima la kupambana na ulaghai. Ni bure.

Haya, orodha yangu. Sijifichi, nina upendeleo.

Namba moja ni Buick. LaCrosse ya 2005 hadi 2009 au Lucerne ya 2006 hadi 2008, zile zenye injini ya V6 ya lita 3.8, ile mafundi wanayoiita 3800. Ni injini ya chuma cha kusubu, ya teknolojia ya babu, haina tabo, haina mbwembwe, na kila fundi wa zaidi ya miaka arobaini ameifungua. Lakini sababu yangu hasa ni mwenye gari. Buick hizi zilinunuliwa na wazee. Mzee wa Kimarekani analaza gari gereji, analiendesha kanisani na dukani, theluji ikianguka anakaa ndani na kahawa yake, na risiti za oili anazitunza kwenye bahasha tangu siku ya kwanza. Gari la namna hiyo limekutana na chumvi mara chache kuliko jirani zake wote mtaani. Ukiona tangazo la mtoto anauza gari la marehemu mama yake, nyanyua simu kabla hujamaliza kusoma. LeSabre ya mpaka 2005 nayo ni nzuri, ila injini yake ni toleo la kabla, lenye vijiunganishi vya plastiki vya maji ya rejeta vinavyopasuka. Vipuri ni dola chache. Ukivipuuza gari linachemka. Na kwa Regal ya 1997 hadi 2004, hakikisha ilirudi kwa wakala: GM iliyaita magari hayo mwaka 2015 kwa sababu oili ilikuwa ikidondokea ekzosti na kuweza kuwasha moto. Tovuti ya NHTSA itakuonyesha kwa VIN tu kama kazi bado haijafanyika.

Namba mbili, Chevrolet Impala ya 2012 hadi 2016. Ya 2014 kwenda mbele iwe ile iliyoitwa Limited, bodi ya zamani iliyouzwa kwa makampuni na serikali. Ina V6 ya lita 3.6 yenye nguvu kuliko sura yake. Kwa kuwa haina mvuto bei yake iko chini. Badilisha oili mapema, usingoje taa.

Namba tatu, Mercury Grand Marquis au Ford Crown Victoria, mpaka 2011 zilipokoma. V8 ya lita 4.6, fremu kamili kama ya lori, unaweza kuhamia humo na familia. Inavutwa na tairi za nyuma, kwa hiyo bila tairi za theluji utacheza ngoma barabarani. Ya polisi achana nayo hata kama maili ni chache, kwa sababu ilisimama inanguruma saa nyingi ambazo maili hazizionyeshi. Chukua Grand Marquis ya mzee. Mnaona narudi kwa wazee.

Namba nne, Ford Fusion ya 2010 hadi 2012, ya lita 2.5 isiyo na tabo. Inatosha. Matoleo ya baadaye yenye EcoBoost, injini ndogo za tabo za Ford, za lita 1.5 na 1.6 yana historia ya maji ya injini kupotea, sitaki.

Familia kubwa, Dodge Grand Caravan ya 2014 kwenda mbele. Chunguza uvujaji wa oili juu ya injini, kwenye kishikio cha plastiki cha filta.

Usiguse: Ford Focus ya 2012 hadi 2016 na Fiesta ya 2011 hadi 2016 za otomatiki, giaboksi yake ya klachi mbili ilifikishwa mahakamani na maelfu ya wateja. Chevrolet Equinox ya 2010 hadi 2013 ya lita 2.4 inakunywa oili.

Chini ya dola 3,000? Kuna Chevrolet Cobalt. Hakikisha swichi ya kuwashia ilibadilishwa baada ya 2014; mfuko wa fidia wa GM ulihesabu vifo 124 kwa swichi hiyo na zinazofanana nayo. Zaidi ya hapo sina la kusema, kwa bei hiyo unanunua bahati.

Sasa wauzaji. Mwenzenu nina donge. Magari yalipopanda bei wakati wa uhaba wa chipu za kompyuta za magari, mpaka Januari 2022 bei za magari yaliyotumika zilikuwa zimeruka kwa takriban asilimia 40 ndani ya mwaka mmoja. Chipu zimerudi. Bei hazijarudi zilikotoka. Ile Buick ya bibi iliyokuwa dola 3,500, leo kijana ameipiga picha jua linazama na anataka 7,000.

Kuna hawa wenye viwanja vya "nunua hapa, lipa hapa", wanaotupenda sana sisi wageni tusio na historia ya mkopo. Riba inaumiza, na kwenye baadhi ya magari wanafunga kifaa cha kulizima gari ukichelewa kulipa. Mama mmoja wa Kikongo tunayesali naye lake lilizimwa kwenye maegesho ya hospitali. Karatasi ya dirishani ambayo sheria ya shirikisho inamlazimisha dila aibandike, isome: ikisema "As Is", ukitoka getini breki zikikatika ni zako.

Kuna na wanaojifanya wanauza gari la nyumbani kumbe ni dalali mwenye magari kumi. Piga simu useme, "Napigia kuhusu lile gari." Akiuliza lipi, umeshamjua. Na hapa Ohio sahihi ya muuzaji kwenye hati ya umiliki inashuhudiwa na notari, mbele yake. Ukiletewa hati iliyosainiwa na mtu mwingine usiyemwona, usitoe hela. Jina la muuzaji, jina la kitambulisho na jina la hati yawe moja, kisha nendeni pamoja ofisi ya hati ya kaunti.

Ukishalipata, Oktoba lipeleke kwa fundi alipulizie chini mafuta ya kuzuia kutu, yale ya nta ya sufi ya kondoo, si ile lami nyeusi inayofungia maji ndani. Desemba mpaka Machi lioshe tumbo kila baridi inapolegea. Mimi Jumamosi naenda Knoxville kuona LaCrosse ya maili 118,000, boksi langu liko tayari kwenye buti la gari la baba watoto. Ameshaanza kulalamika kwamba ile dawa ya kutu inanukisha gari kama zizi kwa wiki mbili. Ni kweli, inanuka.