Tahadhari: muuzaji wa adapta bandia anayetuma mizigo Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Amu, Shela, Matondoni na Mokowe. Yuko muuzaji anayejitangaza kwenye makundi yetu ya kununua na kuuza, anadai ana adapta "orijino" za vifaa vya zamani. Mimi ameshanila shilingi 3,800, na kidogo tu achukue na diski zangu. Hilo la diski ndilo lililonifanya niandike.

Nina kisanduku cha diski mbili, kile kinachochomekwa kwenye ruta ili nyumba nzima ifungue mafaili. Ni cha mwaka 2011, dukani hakipatikani tena. Humo mna kanda za harusi nilizozigeuza kuwa mafaili, za kwetu na za watu walioniamini na kumbukumbu zao. Mwezi uliopita adapta yake ilikufa. Kwa umeme huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, na hewa ya chumvi, ilikuwa imejitahidi.

Nikampigia yule bwana. "Ndugu yangu, hiyo ninayo, mpya kabisa, volti 12 ampea 5, leo hii naipakia basi la Mokowe." Nikamwomba nilipe mzigo ukifika, akakataa. Namba aliyonipa ilikuwa ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye M-Pesa halikufanana na la duka lake hata kwa herufi. Ningekomea hapo. Lakini nilikuwa na haraka, nikatuma.

Mzigo ulivuka na boti kesho yake. Nilipoishika ile adapta nilishtuka kwa wepesi wake. Ile iliyokufa ni nzito karibu mara tatu. Nikaichomeka hivyo hivyo. Taa ikawaka, diski zikaanza kuzunguka, zikalia tik, zikanyamaza, zikaanza upya. Ikawa hivyo mpaka nikaichomoa.

Nilipomrudia hakubisha hata kidogo, na hapa ndipo pa kuangalia sana. Alinipa pole, akasema: "Hizo diski zimekufa, ndugu yangu. Nitumie huku, nina fundi wa kuokoa mafaili, 15,000 tu." Nilipositasita akanishauri nijaribu chaja ya laptop, eti tundu ni moja. Chaja nyingi za laptop hutoa volti 19. Ningemsikiliza, ningeunguza kisanduku na pengine diski zenyewe, halafu kweli ningemhitaji huyo fundi wake.

Nikavichukua vyote hadi kwa fundi mmoja mzee wa Langoni. Akaipima adapta ikiwa peke yake: volti 12 na nukta. Akaiunganisha na kisanduku, mita ikaporomoka chini ya 9 mara tu diski zilipoanza kuzunguka. Kisha akaitazama lebo, akaikwangua pembeni kwa ukucha. Ikabanduka. Chini yake palikuwa na lebo nyengine: volti 12, ampea 2.

"Mwanangu," akaniambia, "diski zako hazina neno. Zina njaa."

Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wake. Diski kubwa ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Zikiwa mbili ni kama 4, na bodi ya kisanduku nayo yataka chake. Ampea 2 zitawasha taa, basi. Fundi alinitafutia adapta ya volti 12 ampea 6, akaipima mbele yangu ikiwa kazini ndipo nikalipa. Ampea zikizidi hazidhuru, maana kifaa huvuta kiasi chake tu. Volti ndizo zisizidi, na utazame kile kichoro cha kwenye lebo kinachoonyesha kama chanya iko katikati ya pini, kifanane na cha kifaa chako. Kisanduku kiliwaka, na kila harusi ilikuwa mahali pake.

Kwa hiyo nawaomba sana: adapta kufa si mafaili kufa. Usimpe mtu diski kwa sababu kisanduku hakiwaki. Na ukizichomeka kwenye kompyuta ya Windows, ikakuambia uziformati, yaani uzifute zianze upya, kataa. Vingi vya visanduku hivi huandika kwa mtindo wa Linux, mfumo mwengine wa kompyuta, ambao Windows haiusomi, lakini mafaili yamo.

Muuzaji huyu hubadilisha namba, ila picha ya tangazo ni ile ile: adapta nyeusi juu ya kitambaa chekundu, waya umefungwa kwa mpira wa njano. Aliyemtumia pesa leo asingoje kesho, aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 aombe zirudishwe kabla hazijatolewa. Ile adapta nimeiacha kwa fundi na lebo yake imening'inia. Anayetaka kuiona kwa macho yake aniandikie, nitampeleka.