Kore nane, saba zimelala: uzoefu wangu na kompyuta niliyouziwa Kariakoo

Nasambaza intaneti mtaani kwetu, nyumba 40 hivi. Miezi michache iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kompyuta ya kuigeuza ruta, yaani kifaa cha kupitisha mtandao, yenye kore nyingi (vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi kwa pamoja). Nikamweleza muuzaji: "Kaka, hii itapitisha mtandao wa watu, nataka kazi igawanyike kwenye kore zote." Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kore nane hizo, hata watu mia watapita." Nikalipa.

Jioni watu walipotoka kazini, simu zikaanza kumiminika. Video zinakwama, sauti zinakatika. Nikafungua top, programu ya Linux inayoonyesha mzigo wa kompyuta: kore moja imefika asilimia 100, ksoftirqd/0 (kazi ya Linux inayoshughulikia pakiti, yaani vipande vya data, kwenye kore 0) imekaa juu kabisa, nyingine saba zimelala usingizi wa pono. Nikaangalia /proc/interrupts, faili inayoonyesha kila kifaa kinaita kore ipi, kadi ya mtandao ina mstari mmoja tu. Foleni moja tu ya kupokelea pakiti! Hata prosesa ingekuwa na kore 64, pakiti zote zinaingia mlango mmoja na mpokeaji ni mmoja.

Nikarudi dukani. "Uliomba kore nane, nimekupa nane. Mambo ya foleni nenda benki." Akacheka na vijana wake mbele ya wateja. Pesa nimeshasahau, kile kicheko sijasahau.

Nilitaka kuandika kwamba kompyuta hii msiiguse. Lakini haki yake niiseme: baadaye nilipata kadi ya Intel I350 iliyotumika, nikaichomeka kwenye mashine ile ile. Foleni nane kwa kila tundu la waya! Nilipoona namba zinapanda kwenye kore zote nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni. Kompyuta ni nzuri, tena nzuri sana. Mbaya ni aliyeniuzia.

Na hiyo kadi nayo siisifii moja kwa moja. Wateja wangu wa PPPoE (wanaounganishwa kwa jina na nenosiri, data yao ikifungwa kwenye bahasha ya ziada) waliendelea kurundikana kwenye kore 0, kwa sababu kadi haifungui bahasha ya PPPoE kuona anwani za IP zilizomo ndani, basi wote inawatupa foleni ya kwanza. Ikabidi niwashe RPS ya Linux, yaani Linux yenyewe igawe pakiti kwenye kore badala ya kadi, ndipo mzigo ukagawanyika. Siku mbili nzima nimekesha kwa hilo.

Mkienda dukani, bebeni flashi yenye Linux. Washeni mashine hapo hapo, andikeni ethtool -l na jina la kadi, amri hiyo inaonyesha idadi ya foleni. Ikitoa 1, au ikigoma kujibu, na kadi nyingine hamna, rudisheni pesa mfukoni. Muuzaji akikataa msiijaribu, tokeni. Mimi pale sikanyagi tena.