Vitabu Vitano vya Kumfunza Mwandishi Kazi: Kutoka kwa Amri Abedi wa Ujiji hadi Joram Kiango

Karibuni watazamaji, tupo Kigoma. Mezani pana vitabu vitano, na vyote navipima kwa jambo moja tu: ukishakifunga, umepata ufundi gani wa kuutumia kwenye daftari lako?

Naanza na hiki, maana ndicho ninachokipenda kuliko vyote: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotoka 1954. Wengi wenu jina lake mnalijua kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Huyu ni mtoto wa Ujiji, alizaliwa hapo jirani mwaka 1924. Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba hakizungukizunguki. Kinakupa sheria, unaishika, unaijaribu.

Tujaribu sasa hivi. Shairi la mistari minne tulilolizoea lina mizani 16, yaani silabi 16, kila mstari: 8, unapumua, halafu 8 tena. Sikilizeni: "Kigoma mwisho wa reli, kitabu ninakisoma." Hesabuni kwa vidole. Ki-go-ma-mwi-sho-wa-re-li, 8. Ki-ta-bu-ni-na-ki-so-ma, 8. Kina, yaani silabi ya kumalizia kila kipande, cha kati ni *li*, cha mwisho ni *ma*, na mstari wa pili na wa tatu lazima uvifuate. Sasa ongeza neno dogo tu: "Kigoma ni mwisho wa reli." Imekuwa 9, mstari umeharibika. Ukiondoa reli ukaweka treni, mizani inabaki 8 lakini kina cha kati kimegeuka *ni*, na ubeti mzima unakudai.

Wanaoanza wanakosea zaidi pale wanapohesabu herufi kwa macho. "Mtu" ni mizani 2, kwa sababu hiyo *m* inatamkwa peke yake. "Mbali" nayo ni 2, kwa sababu *mba* inatoka kwa pigo moja. "Kaa" ni 2, si 1. Basi soma kwa sauti huku unagonga meza. Sikio litakushtua kabla ya jicho. Na mkisema mwandishi Euphrase Kezilahabi aliziacha sheria hizi katika diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, ni kweli, na aliziacha kwa makusudi. Kuacha kanuni unayoimudu ni jambo moja, kushindwa kuhesabu ni jingine kabisa.

Kezilahabi huyohuyo, mwaka huohuo wa 1974, akatoa riwaya ya *Kichwamaji*. Hapa anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Chukua ukurasa mmoja, unakili kwa mkono, kisha uandike upya: kila "nili" iwe "ali". Utaona sentensi zinazokataa kugeuka, hasa zile za mawazo yake ya ndani. Hizo ndizo sababu ya kuchagua nafsi ya kwanza. Kama kwenye hadithi yako hakuna sentensi za namna hiyo, huyo "mimi" wako hana kazi, mwondoe.

Cha tatu ni *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi, 1979. Inakupeleka kwa makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Isome ujifunze kuandika kazi. Wengi tukiandika juu ya maskini tunaandika huzuni yake, lakini mikono yake haionekani ikifanya chochote. Fanya hivi: chagua kazi unayoiona kila siku, tuseme dagaa pale Kibirizi, uandike vitenzi vyake 20 kabla hujaandika sifa hata moja. Kuvua, kuanika, kugeuza, kupepeta, endelea. Ukikwama kwenye cha 8, rudi ufukweni ukaangalie.

Halafu kuna Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kasulu, na riwaya zake za mpelelezi Joram Kiango. Mimi nashika hii, *Tutarudi na Roho Zetu?* Kuna watu wanazidharau riwaya za upelelezi, na nasema wazi kwamba wanakosea. Kwa penseli, pigia mstari sentensi ya mwisho ya kila sura, na pembeni andika swali ambalo msomaji amebaki nalo. Wanaomwiga huchukua bastola na warembo, wakaacha maswali, ndiyo maana hadithi zao zinachosha kufikia sura ya tatu.

Cha tano ni *Kunga za Nathari ya Kiswahili* cha Said Ahmed Mohamed, 1995. Kinahusu riwaya, tamthilia na tafsiri. Ni kizuri, ila kisome ukiwa tayari umeandika kurasa zako kadhaa, upate cha kukipima nacho.

Sasa kununua. Vingi vya hivi utaviagiza Dar es Salaam. Mwombe muuzaji akutumie video akifungua kitabu katikati. Ukiona uzi kwenye mkunjo, kimeshonwa. Kama ni gundi tupu, kurasa zitaanza kuachia mapema, hasa ukikikunja kwa nguvu. Herufi zikiwa zimemezwa na mkunjo au zimefifia upande mmoja, hiyo ni fotokopi, achana nayo. Na afuatishe namba za kurasa hadi mwisho, kwa sababu kiwandani fungu zima la kurasa 16 linaweza kurukwa au kurudiwa. Yote hayo yafanyike kabla hujalipa, maana kikishapanda basi la Kigoma, nauli ya kukirudisha ni juu yako.