Baraza la parokia au halmashauri ya wilaya?

Nazungumzia England peke yake. Huko, halmashauri ya wilaya ndiyo yenye meno: huzoa taka, hushughulikia makazi na huamua nani apewe kibali cha kujenga. Baraza la parokia, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, hutoa maoni tu kuhusu kibali hicho, na wilaya inaweza kuamua kinyume. Lenyewe hutunza viwanja vya michezo, makaburi, vibanda vya kusubiria basi na vishamba vya kukodisha wakazi. Kanisa halina mkono humo tangu sheria ya 1894.

Kwenye fedha mambo hugeuka. Parokia hujipangia kiasi chake cha kodi, wilaya hukikusanya ndani ya kodi ileile ya nyumba. Wilaya ikitaka kupandisha kodi kupita kikomo cha serikali kuu, lazima iitishe kura ya maoni. Parokia kwa kawaida haibanwi hivyo. Si ajabu halmashauri zilizokaukiwa huzisukumia parokia vyoo vya umma na bustani.

Udhaifu wa parokia ni uchaguzi. Viti vingi hupatikana bila kupingwa, vingine hujazwa na madiwani wenyewe kwa kuteua mtu. Wilayani walau kuna ushindani wa vyama.

Kwa benchi lililovunjika, mimi ningeanzia parokia. Kwa ghorofa linalotaka kujengwa nyuma ya nyumba yangu, ningeenda wilayani moja kwa moja, ila katika kaunti kama Cornwall na Wiltshire wilaya zilifutwa 2009, parokia zikabaki; huko ningeenda kwenye halmashauri ya kaunti.